Sensa Inapokufa Huku Ikijibu: Mwongozo wa Kupima kwa Modeli Athari za Vijenzi Vilivyoharibika kwenye Kidhibiti cha Pikipiki ya Umeme

Ilikuwa Aprili, mvua zimeanza, mwendeshaji mmoja wa boda alipofika na pikipiki yake ya umeme karakanani kwetu, Kariobangi Light Industries. Hakuja ameipanda, alikuja akiisukuma. "Fundi, hii kitu imeniruka kwenye jam ya Outering," akasema, "na sikuwa nimevuta mafuta." (Waendeshaji wa hapa husema "kuvuta mafuta" hata pale ambapo mafuta yenyewe hayapo.) Jioni iliyotangulia alikuwa ameiosha kwa mashine ya presha, kama afanyavyo kila siku.

Tukaipandisha kwenye stendi, tukawasha, nikapinda usukani kushoto. Gurudumu la nyuma likavuma kwa kasi yote. Nikaurudisha katikati, likatulia. Ndani ya konekta ya mpini wa kasi, pini ya waya mweusi, yaani waya hasi wa sensa, ilikuwa imeota kutu ya kijani na ilikuwa inagusa na kuachia.

Kutu nimeizoea. Kilichonikera ni jedwali la hitilafu lililokuja na kidhibiti cha pikipiki hiyo, yaani kisanduku kinachoiamuru mota. Lilikuwa na mstari kamili kuhusu waya huo: "Ukikatika, ishara inapotea, mota inasimama." Ishara haikupotea. Ilipanda juu. Aliyejaza mstari ule hakupima wala hakukokotoa. Aliandika kile ambacho akili ya kawaida ingetarajia.

Mwongozo huu unahusu namna ya kuepuka mstari wa aina hiyo. Kijenzi kikifa kikanyamaza, mara nyingi mfumo hutambua. Hatari inaanzia kwenye kijenzi kinachokufa huku kikiendelea kujibu, na jibu lake likifanana na jibu la kweli. Kwa hiyo swali la kuuliza kila mara ni hili: baada ya kijenzi hiki kuharibika, programu itasoma namba gani, na itaiamini?

Vifaa si vingi. Unahitaji programu ya kuigiza saketi, LTspice au ngspice, zote za bure (ngspice tayari imo ndani ya KiCad, programu ya kuchora saketi). Unahitaji Excel au mfano wake, mita, na chanzo cha umeme chenye kikomo cha ampea. Nitatumia mpini wa kasi kama mfano kuanzia mwanzo hadi mwisho, lakini utaratibu ni uleule kwa lifti, kwa mashine ya joto ya watoto njiti, au kwa breki.

Hatua ya kwanza: andika unachokiogopa, pamoja na muda wake

Usianze na orodha ya vijenzi. Anza na tukio. Letu ni hili: "Pikipiki inasukumwa na mota wakati mwendeshaji hajazungusha mpini." Sentensi hiyo bado haitoshi, kwa sababu haisemi ni kwa muda gani. Chukua mwongezeko wa kasi wa mita 2 kwa sekunde kwa kila sekunde, kisha tumia hesabu ya shule, nusu ya mwongezeko mara muda mara muda. Ndani ya sekunde 1 pikipiki imesogea mita 1. Ndani ya sekunde 2 imesogea mita 4. Kwenye foleni ya Nairobi mita 1 ni umbali wa kufikia bampa ya matatu iliyo mbele yako, au miguu ya mama anayevuka na mtoto mgongoni. Sisi tulijiwekea sekunde 0.3, ambazo ni takribani sentimita 9. Kila kinga utakayobuni baadaye itapimwa dhidi ya namba hii.

Andika pia hali salama ni ipi. Watu wengi huandika "zima kila kitu" na kuendelea. Kwa mpini wa kasi, kuondoa nguvu ya mota ni salama kiasi. Pikipiki inateleza hadi kusimama. Lakini kwenye daraja la mota, yaani kundi la transista zinazoilisha mota umeme, kama transista moja ya MOSFET ikishikana shoti (na nyingi huharibika hivyo, kwa kushikana), mota ya sumaku za kudumu hugeuka kuwa breki wakati gurudumu linazunguka. Hapo kuzima programu hakuzuii chochote, kwa sababu nguvu inatoka kwenye gurudumu lenyewe. Huo ni uchambuzi mwingine wenye jedwali lake. Usiuchanganye na huu.

Hatua ya pili: chora saketi na uandike namba za hali nzima, isiyo na hitilafu

Mpini wa kawaida una sensa ya Hall, inayohisi sumaku, yenye nyaya tatu: mwekundu wa volti 5, mweusi wa hasi, na wa ishara, ambao mara nyingi ni wa kijani au mweupe. Ukiachia mpini, ishara ni kama volti 0.8, ukiuzungusha wote, ni kama volti 4.2. Mikrokontrola yetu, kompyuta ndogo ndani ya kidhibiti, inakubali hadi volti 3.3 tu, kwa hiyo ishara inapita kwenye rezista mbili za kugawa: R1 ya kilo-omu 10 juu, R2 ya kilo-omu 18 chini. Kapasita C1 ya nanofaradi 100 inachuja kelele. ADC ya biti 12 inageuza volti kuwa namba kati ya 0 na 4095.

Kwa hesabu, volti 0.8 inafika kwenye ADC ikiwa 0.514, nayo inasomwa 638. Volti 4.2 inafika ikiwa 2.7, nayo inasomwa 3350. Programu inachukulia 638 kuwa asilimia 0 na 3350 kuwa asilimia 100. Ikisoma chini ya 300 au juu ya 3900, inasema sensa ni mbovu na kuzima mota.

Pima mpini wako halisi kabla ya kuendelea. Mipini miwili inayofanana kwa macho, kutoka duka moja la Kirinyaga Road, inaweza kukupa volti za kupumzika zilizotofautiana. Modeli isiyolingana na mita wakati kila kitu ni kizima haiwezi kukwambia kweli wakati kitu kimeharibika.

Hatua ya tatu: orodhesha namna za kuharibika

Kila kijenzi kina tabia yake ya kufa. Rezista bapa za kawaida hukatika zaidi kuliko kushikana. Nyingine hupotoka thamani polepole. Kapasita ndogo za kauri hupasuka ubao ukipindwa, na mpasuko huo huweza kuleta shoti; kwenye barabara zenye matuta kama zetu, ile iliyo karibu na tundu la skrubu ndiyo ya kwanza kuteseka. Kapasita za maji hukauka: uwezo unapungua na upinzani wa ndani unaongezeka, bila dalili yoyote kwa siku nyingi. Konekta hukatika, huvuja kati ya pini na pini, au hugusa na kuachia.

Usiishie kwenye "imekatika" na "shoti." Katikati ya hizo mbili kuna dunia nzima. Mwaka 2011, wahandisi wa NASA walioombwa na serikali ya Marekani kuchunguza malalamiko ya magari ya Toyota kuongeza kasi yenyewe walikuta nywele nyembamba za bati zimeota ndani ya kanyagio la mafuta. Hawakupata ushahidi kwamba elektroniki ndizo zilizosababisha ile kasi kubwa iliyolalamikiwa, lakini nywele zile zilionyesha jambo la kuzingatiwa na kila mchambuzi: mguso wenye upinzani, usio shoti kamili wala usio mkato, uliounganisha ishara mbili zilizopaswa kutengana. Kwa hiyo kwenye kila jozi ya pini zinazopakana, weka thamani kadhaa: omu 100, kilo-omu 10, kilo-omu 47, kilo-omu 470.

Hatua ya nne: jenga modeli, na hapa ndipo wengi hujidanganya

Huu ndio mtego ulionasa jedwali la yule mtengenezaji, naamini. Mtu anapoigiza sensa kwa mara ya kwanza huweka chanzo kamili cha volti 0.8 kati ya waya wa ishara na waya mweusi, kisha anaendelea. Hali nzima inatoka sawa kabisa. Halafu anakata waya mweusi kwenye modeli, na kompyuta inamwambia ishara imeshuka hadi 0. Anaandika "mota inasimama" na kulala usingizi mnono.

Kompyuta haikukosea. Modeli ndiyo iliyosahau kwamba sensa halisi inakula umeme kutoka waya mwekundu. Sensa ya Hall ya aina hii hula miliampea kadhaa. Ukikata waya mweusi, umeme huo hauna pa kurudi isipokuwa kupitia waya wa ishara, kupita R1 na R2, hadi ardhini. Rezista hizo mbili kwa pamoja ni kilo-omu 28, ambazo kwa volti 5 haziruhusu hata miliampea 0.2. Ni mlango mwembamba mno, kwa hiyo sensa nzima inaelea juu kuelekea volti 5 na kubeba ishara pamoja nayo.

Modeli yenye akili zaidi inaandikwa hivi (kila mstari ni jina la kijenzi, nukta mbili kinazounganisha, kisha thamani; nukta 0 ni ardhi):

Mpini wa kasi, hali nzima
Vcc vcc 0 5
Rmwekundu vcc vs 0.05
Rmweusi gs 0 0.05
Rulaji vs gs 833
Vhall o gs 0.8
Rishara o s 0.05
R1 s a 10k
R2 a 0 18k
C1 a 0 100n
.op
.end

Mstari wa Rulaji ndio uliokosekana. Omu 833 kwa volti 5 ni miliampea 6. Sasa badilisha Rmweusi kutoka 0.05 hadi 1G, yaani omu bilioni moja, uone. Ishara inapanda hadi kama volti 5.6. Namba hiyo ni upuuzi, kwa sababu ni kubwa kuliko chanzo chenyewe. Sensa iliyonyimwa umeme haiwezi kuendelea kutoa volti zake 0.8 kamili. Hata hivyo ni upuuzi unaoelekea upande sahihi, nao unakwambia ni waya gani wa kwenda kuukata mezani. Nilipoukata kwenye mpini wetu, mita ilisoma volti 4.3. Namba hiyo ndiyo inayoingia kwenye jedwali.

Angalia sasa ukatili wake. Volti 4.3 inakuwa 3430 kwenye ADC. Kikomo cha programu kilikuwa 3900. Kwa programu ile, mpini umezungushwa wote, na hakuna kosa lolote. Unaweza kufikiria kushusha kikomo hadi 3400, lakini mpini mzima unafika 3350. Joto la mchana na tofauti kati ya mpini na mpini zitakuletea pikipiki zinazozima katikati ya Thika Road bila sababu. Ukaguzi wa kikomo peke yake hauwezi kutibu ugonjwa huu.

Kanuni ninayoifuata tangu siku hiyo: kila chanzo kamili kwenye modeli nakishuku mpaka nijue umeme wake unaingilia wapi na unatokea wapi.

Hatua ya tano: pandikiza hitilafu moja moja

Utaona kwamba kila waya kwenye orodha hapo juu nimeupa rezista ndogo. Si urembo. Ni sehemu ya kukatia: ukitaka mkato, weka 1G, ukitaka shoti kati ya sehemu mbili, ongeza rezista ya omu 0.1 kati yake. Usifute kijenzi kabisa ili kuigiza mkato. Programu za aina hii huchanganyikiwa zikikuta nukta inayoelea bila njia yoyote ya kwenda ardhini, na 1G huzipa njia hiyo bila kubadili jibu.

Kwa hitilafu kumi unaweza kufanya kwa mkono. Zikizidi hapo, andika skripti fupi ya Python inayobadilisha mstari mmoja, kuendesha ngspice, kuhifadhi volti ya nukta a, kurudisha mstari ule, na kuendelea na mwingine. Kurudisha mstari ndiko watu husahau, halafu hitilafu ya kumi inapimwa juu ya tisa zilizotangulia.

Hatua ya sita: usiishie kwenye volti

Pitisha kila volti kwenye hesabu ileile ya programu, mpaka upate asilimia ya nguvu ya mota. Hapa ndipo mambo huchangamka.

R1 ikikatika, R2 inavuta ADC hadi 0. Chini ya 300, mota inazimwa. C1 ikishikana shoti, hivyohivyo. R2 ikishikana, hivyohivyo. Waya wa ishara ukikatika, hivyohivyo. Hizi zote unaandika "imegunduliwa" na kusonga mbele.

Sasa R2 ikatike. Hakuna tena mgawanyo, volti 0.8 ya mapumziko inafika nzima kwenye ADC na kusomwa 993. Programu inatoa 638, inagawa kwa 2712, inapata asilimia 13. Mwendeshaji hajagusa mpini, pikipiki inatambaa. Namba 993 iko katikati kabisa ya eneo halali, kwa hiyo hakuna kengele inayolia. R1 ikishikana shoti, matokeo ni yaleyale ya asilimia 13, na juu yake volti 4.2 itaingia moja kwa moja kwenye mguu wa mikrokontrola usiotakiwa kuzidi 3.3.

R2 ikipotoka thamani na kuwa kilo-omu 36, ADC inasoma 777, ambayo ni asilimia 5. Hii nayo inatupa dawa ya bei ya njugu: badala ya R2 moja ya kilo-omu 18, weka mbili za kilo-omu 36 sambamba. Moja ikikatika, unabaki na asilimia 5 badala ya 13, na programu ikiwa inapuuza chochote chini ya asilimia 6, pikipiki haisogei.

Chanzo cha marejeo cha ADC, yaani volti inayotumika kama rula ya kupimia, nacho ni kijenzi. Kikishuka kutoka volti 3.3 hadi 3.0, mapumziko yanasomwa 702, asilimia 2.4, na hiyo inamezwa. Kikishuka hadi 2.5, yanasomwa 842, asilimia 7.5, na pikipiki inaanza kutambaa. Ukumbuke huyu, atarudi.

Hatua ya saba: muda, na waya unaogusa na kuachia

Hitilafu ikigunduliwa kwa kuchelewa, ni kama haikugunduliwa. Programu yetu ilisoma mpini kila milisekunde 10 na kutangaza kosa baada ya masomo mabaya 10 mfululizo. Hizo ni milisekunde 100. Ongeza muda wa kuondoa nguvu, sema milisekunde 50, na jumla ni sekunde 0.15, nusu ya kikomo chetu. Kwa mwongezeko wa mita 2, pikipiki imesogea sentimita 2 na ushei. Vizuri.

Lakini neno "mfululizo" lina shimo. Waya uliolegea unaoachia kwa milisekunde 80, somo likaruka juu ya 3900, na kugusa kwa 20 hautafikisha masomo 10 mabaya mfululizo hata ukitetemeka kutoka Githurai hadi mjini. Kila mara hesabu inafika 8 na kurudi 0, na wakati huohuo mota inapata amri ya kasi yote kwa sehemu kubwa ya muda. Pikipiki ya yule bwana nayo iligusa na kuachia usukani ulipopindwa, ila somo lake la 3430 halikuhesabiwa baya hata mara moja.

Dawa ni hesabu inayopanda haraka na kushuka polepole: kila somo baya linaongeza 3, kila zuri linapunguza 1, na kikomo ni 30. Mkato kamili bado unagunduliwa ndani ya milisekunde 100. Waya wa 80 kwa 20 unaongeza 24 na kupunguza 2 kila mzunguko, kwa hiyo unakamatwa kwenye mzunguko wa pili. Pandikiza hitilafu hii kwa chanzo cha mipigo kwenye modeli, si kwa thamani isiyobadilika. Uchambuzi wa hali tulivu hautakuonyesha kamwe.

Hatua ya nane: hitilafu mbili kwa pamoja

Kuzipima zote mbili mbili ni kazi isiyoisha. Chagua jozi za aina mbili tu.

Ya kwanza ni zile ambapo hitilafu ya kwanza imejificha. C1 ikikatika hakuna anayejua. Pikipiki inaendelea kama kawaida, ila kelele za mota sasa zinaingia kwenye ADC. Ipime kila hitilafu nyingine ukichukulia C1 haipo.

Ya pili ni zile zenye chanzo kimoja. Waya wa ishara ukikatika peke yake, tuko salama, volti 0. Maji yakivuja kati ya pini ya volti 5 na pini ya ishara, sensa nzima inayashinda na ishara haisogei sana. Sasa weka vyote pamoja: waya umekatika upande wa mpini, na maji yameacha kilo-omu 47 kati ya pini. ADC inapata volti 1.2, inasoma kama 1489, asilimia 31. Mtu atakwambia hitilafu mbili kwa wakati mmoja ni nadra, azidishe uwezekano mdogo kwa uwezekano mdogo apate sifuri yenye koma ndefu. Hesabu hiyo inafaa pale hitilafu hazijuani. Hizi zinajuana vizuri: zinakaa konekta moja, na mashine ya presha inazitembelea zote kila jioni.

Hatua ya tisa: namba za uwezekano

Kipimo kinachotumika ni FIT, hitilafu moja katika saa bilioni moja za kazi. Namba za FIT hutolewa na watengenezaji na miongozo kama SN 29500 ya Siemens. Ninazotumia hapa ni za mfano tu, za kuonyesha hesabu.

Tuseme kila rezista ina FIT 1, na katika hiyo, mkato ni asilimia 85 na shoti ni asilimia 5. Hatari ya R1 ni shoti, FIT 0.05. Hatari ya R2 ni mkato, FIT 0.85. Rezista mbili za bei moja, kutoka karatasi moja ya Luthuli Avenue, na moja ni hatari mara 17 kuliko mwenzake kwa sababu tu ya mahali ilipokaa. Sasa konekta ya pini tatu ina FIT 50; theluthi yake, kama 17, ni ya waya mweusi. Jumla yetu ya hatari zisizogunduliwa ni kama FIT 18, na karibu yote ni konekta. Siku mbili nilizokuwa nimepanga za kutafuta rezista bora nilizifuta.

Kwa kulinganisha, kiwango cha ISO 26262 cha usalama wa elektroniki za magari, ambacho toleo lake la 2018 liliongeza pikipiki, kinataka chini ya FIT 10 kwa daraja la juu kabisa la ukali, ASIL D, na chini ya FIT 100 kwa daraja la C; kwa B hiyo FIT 100 ni pendekezo.

FIT 18 ni nini barabarani? Pikipiki 1,000, saa 10 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, ni saa milioni 3. Zidisha: tukio moja kwa kila miaka 18 hivi. Inaonekana nzuri mno, na mimi siiamini. Namba za vitabuni zinatokana na konekta iliyokaa mahali pa staha. Ukiipa presha ya maji kila jioni, vumbi la Eastlands na matuta, halafu ikawa mbovu mara 100 zaidi, tukio linakuwa takribani mara 5 kwa mwaka katika kundi hilohilo. Joto nalo lina neno: Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na chuma cha kupoza transista hakipoi kama kwenye majaribio ya usawa wa bahari. Tumia FIT kupanga nini kishughulikiwe kwanza. Usiitumie kumwambia mwenye kampuni kwamba amelala salama.

Hatua ya kumi: rekebisha, kisha rudia yote

Tulichofanya ni kuweka sensa ya pili ndani ya mpini. Hapa kuna njia rahisi na njia sahihi. Njia rahisi ni pacha: sensa mbili zinazotoa 0.8 hadi 4.2, zikigawana waya mweusi. Pandikiza mkato wa waya huo mmoja na zote zinapanda hadi 4.3, zinakubaliana kikamilifu, na pikipiki inaruka ikiwa na mashahidi wawili.

Njia sahihi, inayotumika kwenye kanyagio nyingi za magari, ni kuipa ya pili mteremko wa nusu: 0.4 hadi 2.1, na nyaya zake zote tatu. Programu inagawa ya kwanza kwa mbili na kulinganisha. Waya mweusi wa kwanza ukikatika, moja inasema 4.3 na nyingine 0.4, kosa limeonekana. Hata maji yakiunganisha ishara mbili, volti zinakuwa sawa pale zilipopaswa kutofautiana, na kosa linaonekana hata mpini ukiwa umetulia. R2 iliyokatika nayo inakamatwa.

Anayebaki ni yule chanzo cha marejeo. Akishuka, namba zote mbili zinapanda kwa uwiano uleule na mlinganisho unatoka sawa. Mikrokontrola nyingi zina volti ndogo ya ndani isiyotegemea chanzo hicho. Isome kila mara, na ikionekana kupanda, jua kipimo ndicho kilichoshuka. Hilo ni badiliko la programu tu, halina gharama ya kijenzi.

Baada ya kila badiliko, endesha skripti yote upya. Sensa ya pili imeleta pini tatu mpya, rezista mbili na kapasita moja, na kila kimoja kina namna zake za kufa.

Hatua ya kumi na moja: mezani, kwa mikono

Chagua hitilafu zote zilizotoka "hatari" na mfano wa zile zilizotoka "zimegunduliwa," uzipandikize kwenye pikipiki halisi. Sisi tulitengeneza kisanduku chenye swichi kwa kila waya na tundu la kuchomeka rezista kati ya pini na pini. Gurudumu liwe juu ya stendi iliyofungwa, mnyororo utolewe kama upo, mtu asisimame nyuma. Tumia chanzo chenye kikomo cha ampea badala ya betri; betri ya pikipiki haina huruma na vidole. Swichi ya kuzima kila kitu iwe mkononi mwa mtu wa pili, ambaye kazi yake ni hiyo tu, asiwe anapiga picha.

Rekodi volti na muda hadi mota kuzima, weka pembeni mwa namba ya modeli. Zikitofautiana, usirekebishe namba ili zifanane; tafuta modeli imesahau nini.

Na mpini mpya ukiletwa, hata kama boksi ni lilelile na rangi za nyaya ni zilezile, toa mmoja katika kila shehena, uupe volti 5, ukate waya mweusi, na uandike mita inasoma ngapi. Sensa ya ndani hubadilishwa bila taarifa. Shehena yetu ya tatu ilisoma 3.6, ambayo kwa programu ya zamani ingekuwa asilimia 82 ya kasi, ndani kabisa ya eneo halali.